Simu ya Upepo na Mikono Iliyoiunda

Mwezi huu twataka kuzungumza na vijana, na pia na baba na mama walio nyumbani, juu ya chombo ambacho kila mtu anakijua, lakini ni wachache mno wanaojua ndani yake mna nini. Chombo hicho ni redio. Wazee wetu waliiita simu ya upepo, na jina hilo lilikuwa na maana nzuri kuliko hili la sasa, kwa kuwa lilimkumbusha mtu kila siku jambo la ajabu lililo mbele yake: sauti inapita hewani, hapana uzi wala nguzo, nayo inaingia ndani ya sanduku lililowekwa juu ya meza.

Ili kijana wa leo aelewe ajabu hiyo ilikuwa kubwa kiasi gani huku kwetu Karagwe na Kyerwa (wilaya mbili tangu mwaka 2012, lakini zamani moja), hapana budi akumbuke habari zilikuwa zikitufikiaje. Katika karne ya 19 palikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waislamu wa pwani mahali paitwapo Kafuro, karibu na makao ya Mukama Rumanyika. Mwingereza Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta huko Mwarabu mwenye mali, Hamed bin Ibrahim. Habari za Unguja zilimfikia bwana yule kwa miguu ya wapagazi. Na mwendo huo ulikuwaje? Speke aliondoka pwani mwezi wa Oktoba 1860, akafika kwa Rumanyika Novemba 1861. Ni zaidi ya mwaka mzima, kwa ajili ya maradhi, vita na mahongo ya njiani. Barua ya kifo ingeweza kufika baada ya mjane kumaliza eda yake na kuolewa tena. Baada ya hapo, hata miaka mia moja haijatimia, neno likisemwa Dar es Salaam lilisikika Nkwenda au Nyaishozi kabla msemaji hajafumba kinywa. Baina ya miji hiyo, kwa mstari ulionyoka, ni kilomita 1,000 na zaidi kidogo, nayo mawimbi ya redio huukata mwendo huo kwa muda usiofika sehemu moja ya 200 ya sekunde.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Mwanzo ilikuwa ya watu wa mji na kandokando yake tu. Baadaye ikatanuka, na mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, ambalo mwaka 1965 liligeuzwa kuwa Radio Tanzania. Kairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1954, London tangu 1957. Sauti hizo za mbali zilifika kwetu kwa mawimbi mafupi. Na sasa twafikia jambo ambalo nataka kila kijana alijue, maana halimo katika vitabu vingi vya shule: njia ya mawimbi mafupi haikuvumbuliwa na serikali yoyote wala na kampuni kubwa iliyotumia fedha nyingi. Ilivumbuliwa na watu wa ridhaa, wanaume, wanawake na hata wavulana wa shule, waliojiundia mitambo majumbani mwao kwa mapenzi tu.

Kisa chake ni kama hivi. Wataalamu wa zama zile waliamini kwamba kadiri mawimbi yalivyo marefu ndivyo yanavyofika mbali. Basi Marekani, kwa sheria ya mwaka 1912, ikawafukuza watu wa ridhaa kwenye mawimbi marefu, ikawaambia wakae chini ya mita 200, mahali palipodhaniwa kuwa jalala lisilofaa kitu. Wao hawakugombana. Walikaa katika jalala lile wakaanza kulipima, wakipeperusha waya juu ya miti na kusikiliza usiku kucha. Mwezi wa Novemba 1923, Mfaransa mmoja aliyekuwa Nice, Léon Deloy, na Mmarekani Fred Schnell wa Connecticut, wakazungumza kwa alama za Morse kuvuka bahari ya Atlantiki, kwa mawimbi ya mita 110 hivi. Ikadhihirika kwamba mawimbi mafupi yana sifa isiyotazamiwa: hupanda juu, hugonga tabaka la hewa lenye umeme lililo kilomita 100 na zaidi juu ya ardhi, kisha hurudi chini mbali sana na mahali yalipotoka. Walipoona hivyo, wakubwa wote wakakimbilia jalalani. Kila usiku babu zetu waliposikia Kairo au London, walikuwa wakipita katika njia iliyochongwa na watu wale.

Vyombo vyao vilikuwaje? Aghalabu vilikuwa ubao, misumari, waya wa shaba uliozungushwa juu ya bomba la karatasi, na taa za redio moja au mbili zilizonunuliwa kwa akiba ya miezi. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 mitambo ya majeshi iliuzwa kwa bei rahisi, na wengi huko Uingereza walianza na redio iliyotolewa katika ndege za vita, iitwayo R1155, nzito kama jiwe la kusagia. Hapo ndipo iliposhamiri biashara ya kuuza redio ambayo bado haijaunganishwa. Kampuni ya Heathkit ya Benton Harbor, Marekani, ilitoa chombo chake cha kwanza cha umeme namna hiyo mwaka 1947, kwa vipande vilivyobaki vitani. Mnunuzi alipokea sanduku lenye vipande vyote na kitabu cha maelezo. Kitabu kile ndicho kilichokuwa hazina. Kila hatua iliandikwa peke yake, na mbele yake palikuwa na nafasi ndogo ya kutia alama ukiisha kuitimiza: unganisha waya mwekundu hapa, tia alama, lehemu mguu huu, tia alama. Fundi seremala, mkulima, kijana wa miaka 14, wote waliweza kumaliza wakaisikia redio inaunguruma. Wengi waliojenga zamani huvihifadhi vitabu vile hata leo, na alama za kalamu zao za risasi zingali zinasomeka. Philips ya Uholanzi nayo ilitoa mwaka 1963 sanduku la namna hiyo kwa watoto, lisilohitaji hata lehemu.

Afrika ya Mashariki ilikuwamo. Kila mtu wa ridhaa aliyepewa leseni ya kurusha sauti alipewa jina la hewani, na herufi zake za mwanzo zilionyesha nchi yake: Tanganyika ilikuwa VQ3, Kenya VQ4, Uganda VQ5, na Unguja VQ1. Baada ya uhuru herufi zikabadilika, na Tanzania sasa ni 5H. Katika siku za ukoloni wengi wa wenye leseni walikuwa wageni wenye vyeo na mishahara, na hilo tusilifiche. Ila kusikiliza hakukuhitaji cheo.

Yapo mambo mawili yaliyotokea wiki moja, nami hupenda kuyataja pamoja. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Siku tatu baadaye, tarehe 12, ilirushwa angani setilaiti ya kwanza ya watu wa ridhaa, OSCAR 1, iliyoundwa na wapenzi wa redio wa California katika karakana zao za nyumbani. Uzito wake ulikuwa kilo 4 na nusu hivi, na nguvu yake ya kurusha sauti haikufika hata sehemu moja ya tano ya wati, pungufu ya balbu ya tochi. Haikujua kusema ila herufi mbili za Morse, H na I, nazo zilikwenda mbio au polepole kulingana na joto la setilaiti yenyewe. Ukihesabu mwendo wa herufi, umejua hali ya joto huko juu. Iliishi siku 22 hivi. Wasikilizaji zaidi ya 500 wa nchi 28 walipeleka taarifa za yale waliyoyasikia. Watu hao hawakulipwa hata senti.

Turudi nyumbani. Mimi ni mtoto wa miaka ya 1960, na redio ninazozikumbuka ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya taa, iliyokuwa ikila betri kubwa kama tofali, za volti 90, ambazo familia ya mkulima haikuweza kuzinunua ila msimu wa kahawa. Shida hiyo ilikuwa ya Afrika nzima. Huko Northern Rhodesia, yaani Zambia ya leo, mwaka 1949 ilitolewa redio ya wananchi kwa paundi 5, sanduku lake la alumini lililofanana na sufuria, hata watu wakaiita sufuria. Na betri yake ilisifiwa kwa kuwa ilidumu saa 300. Ya pili ni ya transista, iliyotumia mawe manne ya tochi. Hiyo ndiyo iliyoingia kila kijiji. Mawe yalipochoka mama aliyaanika juani juu ya bati, yakapata uhai wa jioni moja au mbili. Waya wa eria ulitoka dirishani ukapita juu ya migomba mpaka kwenye mti mrefu, na mtoto mwepesi ndiye aliyepewa kazi ya kuupandisha.

Kazi ya ile redio haikuwa muziki tu. Usiku wa tarehe 29 Shaaban, na tena mwisho wa Ramadhani, nyumba moja ilijaa watu wa nyumba kumi, wote kimya, wakingoja habari za mwezi muandamo. (Wako masheikh walioikubali habari ya redio na wako waliotaka mwezi uonekane kwa macho ya watu wa mji wao, hapa si mahali pa shauri hilo.) Mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Amin yalipoingia Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa, ukimya ule ulikuwa wa namna nyingine.

Nyuma ya redio hizo zote alikuwako fundi. Pale sokoni Omurushaka nilimjua mmoja, mtu wa maneno machache, aliyekaa na meza ya mbao, jiko la mkaa na kipande cha shaba chenye mpini. Umeme haukuwapo. Aliitia shaba ile katika makaa mpaka iive, akaigusisha lehemu, na moshi wake mchungu ukapanda. Hakuwa na kipimo chochote ila masikio yake na ulimi wake. Jiwe la tochi alililamba akasema lina nguvu kiasi gani. Redio mbovu mbili alizivunja akapata nzima moja, na mabaki akatuundia sisi watoto redio isiyotumia betri hata kidogo. Wengi hawaamini mpaka waisikie. Ni koili, dayodi moja ndogo ya kioo, kisikilizio cha sikioni, waya mrefu wa eria na waya mwingine uliofukiwa katika ardhi yenye majimaji. Nguvu yake yote inatoka katika mawimbi yenyewe. Kwetu, kwa umbali wa mitambo, ilisikika usiku tu, kwa sauti nyembamba kama ya mbu, na tulipokezana kisikilizio kwa zamu. Sijapata kusikia tangu wakati huo redio yenye sauti safi kama ile, ingawa najua kwamba masikio ndiyo yaliyokuwa mapya.

Watu wa nchi hii hawakuwa wageni wa ufundi. Ng'ombe wa chuma na mikuki ya wakama wa Karagwe, vilivyohifadhiwa Bweranyange, vilifuliwa na mikono ya hapa hapa. Kwa hiyo mtu asituambie kuwa kuunda redio ni kazi ya mataifa mengine. Wala asituambie kuwa ni kazi ya makafiri, kama nilivyosikia mzee mmoja akinena. Mfalme Hussein wa Jordan, aliyefariki 1999, alikuwa mtu wa redio ya ridhaa, jina lake la hewani JY1, akazungumza na watoto wa shule na wakulima wa nchi za mbali bila kujitukuza. Sultani Qaboos wa Oman, aliyefariki 2020, alikuwa A41AA, na chama cha kifalme cha redio ya ridhaa cha Oman kiliundwa mwaka 1972. Huko Hyderabad, India, Ashhar Farhan alibuni redio ya kupokea na kurusha iitwayo BITX kwa ajili ya watu wasio na fedha, na katika ile ya mwanzo koili zake zilizungushwa juu ya vipira vya bomba la maji. Baadaye redio hizo zilipoanza kuuzwa, kazi ya kuzungusha koili ilipewa kikundi cha wanawake. Mama anayesuka mkeka wa rangi tano bila kuukosea hesabu hatashindwa na koili ya mizunguko sabini.

Lakini chombo hiki kina upande mwingine, na sisi tulio kando ya mto Kagera twaujua kuliko wengi. Ng'ambo ya mto, nchini Rwanda, kituo cha RTLM kilianza mwaka 1993, na mwaka 1994 kikawataja watu kwa majina ili wauawe. Wasikilizaji walikuwa na redio ndogo zile zile za transista ambazo sisi tulingojea habari za mwezi. Walionusurika na waliokimbia walimiminika Ngara na Karagwe kwa mamia ya maelfu. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waasisi wawili wa kituo hicho. Hapo ndipo nilipoielewa kanuni moja ya watu wa ridhaa ambayo zamani niliiona ni adabu ya kupita kiasi: mtu hasemi hewani ila amejitaja jina alilopewa kwa leseni, na hulirudia katika mazungumzo, ili kila asikiaye ajue ni nani anenaye na atokako. Matusi ni haramu kwao, na biashara pia. Anayerusha sauti bila jina hawamjibu.

Huko Ngara, mwaka 1995, ilianzishwa Radio Kwizera kwa ajili ya wakimbizi, na ndugu waliopotezana walitafutana kwa njia yake. Na sisi wenyewe tulingoja mpaka mwaka 2007 ndipo sauti iliporushwa kutoka kwetu, pale Kayanga, kwa redio ya jamii ya FADECO iliyoanzishwa na Joseph Sekiku kwa ajili ya wakulima. Siku hiyo migomba na kahawa za Karagwe zilisemwa na wenyewe. Tokea Kafuro mpaka hapo ni safari ndefu.

Jambo linalonikera ni hili. Mafundi wale wanakwisha. Simu za mkononi zimefungwa kwa gundi, na kijana akiambiwa imeharibika huitupa. Anaweza kukutajia bei ya kila namna ya simu, lakini hajui kwa nini redio ya masafa mafupi husikika vizuri usiku na ile ya FM haivuki mlima. Basi nawaomba wazazi: mtoto akitaka kufungua redio mbovu, msimpige. Mpeni bisibisi na sahani ya kuwekea skurubu zisipotee.

Kwa atakayeanza, achukue bomba la karatasi lenye upana wa sentimita 5, azungushe waya wa shaba wenye rangi, unene wa nusu milimita, mizunguko 70 iliyoshikamana. Kapasita ya kuzungusha ataipata katika redio ya zamani. Dayodi iwe ya jermaniamu, maana ya silikoni haitasikia kitu kwa mawimbi dhaifu. Kisikilizio kiwe cha redio za zamani, cha omu 2,000 au zaidi. Cha simu ya mkononi hakifai. Waya wa eria usipungue mita 20. Vituo vya masafa ya kati vimepungua sana siku hizi, basi akikosa sauti asikate tamaa; aongeze transista moja na koili ndogo, asikilize masafa mafupi baada ya Isha, hasa baina ya megahezi 7.0 na 7.2, ambako watu wa ridhaa huzungumza. Kusikiliza ni ruhusa. Kurusha sauti hapana, mpaka apate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Na asidanganywe na yeyote auzaye vijitambo vya kurushia matangazo.

Tena jambo moja la hatari. Nchi yetu ina radi nyingi. Mawingu yakianza kunguruma upande wa Ziwa, hata kama yangali mbali na hata kama taarifa ya habari imefika katikati, ung'oe waya wa eria kwenye redio, uutupe nje ya dirisha, na watoto wakae mbali nao mpaka mvua ipite.